Hedifoni za Baba Watoto

Mtaani walimwita Fundi, na wengi hawakujua kama ana jina jingine. Alishona sare za shule, foronya, mapazia na nguo za wasimamizi wa harusi, na mdomoni hakukosa pini. Cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha. Ilikuwa ya umeme, ya zamani, na mota yake ilinguruma mpaka vikombe vya kabatini vikawa vinagongana. Watoto wake walilala wakiwa wachanga katikati ya mngurumo ule, wakakua, wakaolewa na kuoa, wakaondoka. Yeye na mota wakabaki.

Mumewe aliitwa Bosi. Si kwamba alikuwa na mali. Alikuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha magodoro, na alizoea kutoa amri akiwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Kule kiwandani mashine za kukata sponji zilimchosha masikio, na akifika nyumbani hasira zote zilikuwa za cherehani.

"We mwanamke, zima hilo dude lako! Kichwa kinapasuka."

Fundi alizima. Alikaa akitia vifungo kwa mkono, kazi ya watu ikilala, macho yakimuuma, ili mwanamume apumzike. Hakuna aliyemwambia asante, na yeye hakuingoja.

Jioni moja Bosi alirudi na boksi kwapani. Ndani mlikuwa na hedifoni nyeusi, zisizo na waya, zenye vikombe viwili vinene vya kufunika sikio zima. Mwenzake aliyeacha kazi ndiye aliyemwuzia.

"Hizi zinameza kelele," alisema. "Washa cherehani yako uone."

Fundi akawasha. Bosi akazivaa, akabonyeza kitu pembeni, akaegemea kochi na kufumba macho. Uso wake ukalainika, ile mikunjo ya kwenye paji ikaachia. Fundi alimtazama akaona raha. Kwa mara ya kwanza aliweza kushona jioni bila kufokewa.

Alipomsimulia jirani yake, Mama Pacha, yule mama alipiga makofi. "Shoga yangu, una bahati! Umeletewa mke mwenza asiyekula wala kuchafua vyombo."

Fundi alicheka mpaka pini zikamdondoka.

Lakini hedifoni zilikuwa na tabu yake. Ile ngozi bandia ya vikombe ilimtoa jasho. Zilibana vipini vya miwani ya Bosi na kumwacha na alama kichwani, na masikio yakawa mekundu kama yamechapwa. Hazikukaa muda mrefu kichwani kabla hajazivua na kuanza kujifuta, akilalamika. Hapo alipozivua ndipo Fundi alipopata nafasi ya kumweleza habari za watoto, za bomba lililoziba, za mteja aliyenenepa kabla nguo haijaisha. Yalikuwa mazungumzo ya dakika chache tu, ila ndiyo waliyokuwa nayo.

Sasa angalia ujinga wa mke mwema. Hakuweza kumwona mtu anaumia akanyamaza. Alichukua fulana kuukuu ya pamba, laini, akakata viduara, akavitia lastiki, akavivalisha vile vikombe kama mtu anavyovalisha mtoto kofia. Hata sehemu ya miwani aliipimia, akaacha upenyo.

Bosi akajaribu. "Hapo sawa! Sikio linapumua." Akasikiliza nyimbo zake, akakunja uso kidogo. "Besi imepungua. Mlio umekuwa mwepesi. Lakini afadhali nafuu kuliko besi."

Fundi alivimba kichwa siku ile. Kumbe alikuwa amejifungia mlango kwa mkono wake, akasifiwa kwa kazi nzuri. Tangu hapo Bosi hakuzivua tena mpaka wakati wa kulala. Akiambiwa chakula tayari, anaitikia kwa kichwa. Akiambiwa mwanao amepiga simu anakusalimu, anaitikia kwa kichwa. Nyumba ikawa ya mtu mmoja anayeongea na mwingine anayeitikia kwa kidevu.

Wakati huo mama yake Fundi alikuwa amepigwa na kiharusi, upande mmoja umelala. Alikaa kwa kaka yake Fundi, nyumba ya vyumba viwili iliyojaa watoto. Wifi hakuwa mbaya. Alichoka tu, na mtu aliyechoka hukawia. Fundi alipokwenda kumwona mama alimkuta amegeuzwa ukutani, shuka imelowa, na jua limeshapanda.

"Nichukue, mwanangu," mama alisema kwa ule mdomo uliopinda. "Nitakaa hata kwenye kona. Sitamsumbua mtu."

Nyumbani kwa Fundi chumba cha nyuma kilikuwa kitupu tangu kitinda mimba alipoolewa. Mlikuwa na masanduku na baiskeli mbovu. Njia nzima ya kurudi Fundi aliyapanga maneno, akayapangua, akayapanga tena.

Wiki ile simu ya Bosi ilikuwa kwa fundi simu, kioo kimepasuka, na mwenyewe alikuwa amenuna. Hata hivyo jioni alizivaa hedifoni zake akakaa kwenye kochi. Fundi akazima cherehani, akasimama mbele yake. Bosi akainua macho, akamtazama usoni.

"Baba watoto, mama hali yake mbaya. Nataka nimlete akae kile chumba cha nyuma. Nitamwogesha mwenyewe, nitamlisha mwenyewe, wewe hutaguswa na lolote. Unasemaje?"

Bosi akaitikia kwa kichwa.

"Yaani umekubali?"

Akaitikia tena, akafumba macho.

Fundi alikwenda jikoni akajifuta kwa upindo wa gauni. Hakutaka aonekane analia kwa jambo la heri.

Siku zilizofuata hakukaa. Bosi akiwa kazini, aliyatoa masanduku, akapaka chokaa, akamwita seremala apunguze miguu ya kitanda ili mama aweze kushuka kwa mguu wake mzima. Alishona pazia la maua makubwa, aina ambayo mama yake aliipenda tangu ujana. Akampigia kaka yake: "Shemeji yako amekubali. Mlete."

Kaka alimleta kwa pikapu ya kuazima, mama amelazwa nyuma juu ya godoro, amevaa gauni jipya. Majirani wakasaidia kumwingiza. Mama akaupapasa ukuta.

"Pananukia chokaa," alisema, akacheka upande mmoja. Alikula akamaliza. Fundi alipotaka kumfungia mlango asisumbuliwe na cherehani, mama alikataa. "Acha wazi. Nikiisikia najua upo."

Bosi alirudi, akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nini hiki?"

"Ni mama. Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana mimi na nani?"

"Nilikuuliza, baba watoto. Ukaitikia kwa kichwa. Mara mbili."

"Nilikuwa nimevaa hedifoni!" Bosi aligeukia watu waliokuwa sebuleni, kama anayetafuta mashahidi. "Hivi jamani, mtu akivaa hedifoni anasikia nini? Nilikuwa natikisa kichwa kwa nyimbo zangu. Shemeji, unaona dada yako anavyonifanya kituko? Anazungumza na mtu aliyezibwa masikio, halafu anasema mwenye nyumba karidhia!"

Kaka akatazama chini. "Dada, uliniambia amekubali."

"Alikubali!"

"Sikuulizwa," Bosi alisema. "Na hapa si hospitali. Mimi natoka kwenye kelele narudi kwenye kelele, sasa niongezewe na kuugulia?"

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, kama mama alivyotaka. Aliyasikia yote. "Mwanangu," aliita, "usigombane na mumeo. Nimeshapaona. Inatosha."

Wakambeba tena. Jua halijazama, pikapu ikaondoka. Fundi alibaki amesimama barabarani, na majirani wakajifanya wana shughuli.

Kesho yake Bosi alikuwa mpole. "Ningekusikia tungezungumza vizuri. Siku nyingine niguse bega. Sasa nilirudishe vipi neno nililolisema mbele za watu? Ngoja mvua zipite, tutaona."

Na Fundi akaamini. Hilo ndilo linalouma kuliko mengine. Alijilaumu yeye: hakusoma, hajui mambo ya mashine za siku hizi, aliongea na mtu asiyesikia. Aliwaambia majirani kosa ni lake. Alimwambia hata mama yake kosa ni lake, akiwa amepiga magoti pembeni ya kitanda kule kwa kaka. Mama akamshika mkono kwa ule mkono mzima, akamwuliza, "Mvua zikipita, eh?"

Mvua hazikuwa zimepita bado. Wifi alimkuta mama asubuhi amepoa, amegeukia ukuta. Fundi ndiye aliyemwosha. Aliviona vidonda vya mgongoni, akaviosha taratibu kama bado vinauma.

Msibani Bosi alilia kuliko wote. Alilia kwa sauti nene, akashikiliwa huku na huku, na watu wakasema mkwe kama huyu hapatikani. Fundi alimpelekea maji ya kunywa.

Siku moja baada ya msiba, Bosi alikwenda kinyozi, simu mfukoni, hedifoni akaziacha kwenye kochi. Fundi alikuwa anashona sketi. Kichwa kilimwelemea. Akazitazama zile hedifoni, akataka kujua mumewe anakwenda wapi akizivaa. Akazivaa. Akabonyeza pembeni kama alivyomwona yeye. Sauti ya kike ikasema neno la kigeni, kisha mngurumo wa mota ukatoweka. Akakanyaga: sindano inapanda na kushuka, nguo inakwenda, kelele hakuna. Ile pamba ya fulana ilimkumbatia masikio kama viganja vya mtu. Alikaribia kumsamehe mumewe hata yale ambayo hakuombwa kuyasamehe. Kumbe ni raha hivi!

"Fundi, gauni langu tayari au nivae gunia?"

Alishtuka. Sauti ilikuwa wazi, wazi kuliko siku zote, maana mota haikuwepo kuifunika. Aligeuka. Mama Pacha alikuwa mlangoni, wala hakupaza sauti.

"Umesemaje?"

"Nimesema nivae gunia? Leo na wewe umekuwa wa mjini?"

"Hebu nenda uani. Sema kitu. Usipige kelele, sema tu."

"Niseme nini?"

"Chochote."

Mama Pacha akaenda, akiguna. Sauti yake ikaja kutoka uani: "Nasema ukivaa hivyo unafanana na rubani aliyepotelewa na ndege!"

"Rubani aliyepotelewa na ndege," Fundi akarudia polepole. Hakucheka.

Mama Pacha alirudi akakuta amezivua, amezishika mapajani. "Zina nini? Mkwe wangu anazo kama hizi. Zinameza mngurumo tu, feni, mota, magari. Mtu akiongea unamsikia, labda nyimbo ziwe juu. Na hizi umezivalisha nguo, hazibani sikio, sauti inapenya pembeni."

"Na nyimbo zenyewe zinakaa wapi humu?"

"Humu? Nyimbo zinatoka kwenye simu, shoga. Simu isipokuwepo, hayo ni makopo matupu."

Fundi siku zote alidhani nyimbo zinakaa ndani ya vile vikombe. Akaikumbuka jioni ile aliyomwomba amlete mama. Wiki ile simu ilikuwa kwa fundi simu. Cherehani aliizima mwenyewe kabla ya kusema. Na mumewe alikuwa anamtazama usoni.

"Fundi? Umeona nini?"

"Gauni lako limebaki upindo. Njoo kesho."

Jioni ile Bosi alikula, akavaa, akaegemea. Simu yake ilikuwa imeisha chaji, imelala kabatini na waya wake, imezimika kabisa. Fundi hakuwasha cherehani. Alivuta kigoda akakaa karibu, goti kwa goti, akaanza kuongea kwa sauti ya chini, ile ya kuongea na mgonjwa.

"Mama alikutwa asubuhi, amegeukia ukuta."

Bosi alikuwa amefumba macho. Mguu wake ukaanza kupigapiga sakafu, kama wa mtu mwenye nyimbo.

"Lile gauni la kujia hapa hakulivaa tena. Alilikunja kwenye mfuko, akauweka kichwani pake. Wifi anasema kila siku alikuwa anauliza kama mkwe ametuma mtu. Mgongoni alikuwa na vidonda, baba watoto. Kimoja unaona mfupa. Niliviosha mimi."

Mguu ukatulia. Mkono ukainuka kuelekea kwenye hedifoni, ukasita, ukarudi mapajani. Akizivua, atakuwa amekiri. Akiziacha, atasikiliza. Fundi aliliona hilo, akaendelea. Alimweleza harufu ya chumba kile, na jinsi mama alivyocheka siku alipopapasa ukuta. Alipomaliza akaenda kuandaa maji ya kuoga.

Alifanya hivyo jioni iliyofuata, na nyingine. Mwishowe Bosi aliketi kwenye kochi kichwa kitupu, masikio yake wazi, mekundu, akionekana mdogo. Alingoja. Fundi alikuwa anatia uzi kwenye sindano.

"Mama watoto," alisema. "Ongea basi. Nakusikiliza."

"Nilishakuuliza," Fundi alijibu. "Na wewe ulishaitikia."

Kesho yake alimwita Mama Pacha wamsaidie kuhamisha cherehani kwenda chumba cha nyuma, alikokuwa ameshatandika kile kitanda kifupi awe analala mwenyewe. Ilikuwa nzito kuliko walivyodhani. Mama Pacha alitaka kuuliza, akamwona uso, akauliza tu waishike wapi.

"Shika huko chini," Fundi alisema. "Taratibu mlangoni, usinikwaruzie chokaa."