Kofia ya Zamda

Mwaka 1959 Auleria, mke wa karani wa Kinondoni, alikuwa amezaa watoto watatu kwa miaka mitatu. Mtaa ulisema anawabemenda, yaani anashika mimba nyingine kabla aliye mgongoni hajaacha ziwa. Jirani yake Zamda alikuwa na mmoja tu, mnene, wa miaka minne, na Auleria hakuweza kumtazama mtoto yule bila kuumia. Aliamini siri ni pigi, hirizi ya kuzuia mimba, aliyoiona kiunoni mwa Zamda. Siku moja akaomba kuiazima.

Zamda akacheka. "Hiyo ya kumridhisha mama mkwe, shoga. Mie navaa kofia."

"Kofia?"

"Ya mpira, ya ndani. Inafunika mlango wa kizazi. Yule daktari mwanamke wa Kihindi anakupima, anakufundisha kuivaa."

"Basi niazime hiyo."

"Haiazimwi, we. Kila mtu na kipimo chake."

Jumanne walikwenda pamoja. Walipotoka, Auleria alikuwa na kijikebe chenye kofia yake mkononi.

"Yako namba ngapi?" akauliza.

"Sitini na tano."

Ya Auleria ilikuwa themanini, pana zaidi. Alinuna mpaka nyumbani, lakini mwaka ule hakushika mimba.