Jina Mkononi mwa Kinyozi

Mimi huchora mabango hapa Landless, Thika, na herufi za gothiki zimenilisha miaka mingi ingawa sizipendi. Ni herufi zenye maringo: nene hapa, nyembamba pale, pembe zimechongoka kama seng'enge, na ile kubwa ya mwanzo imejaa mikia. Vijana wanazitaka kwenye vinyozi na vioo vya matatu, shule zinazitaka juu ya vyeti. Nikisema hazisomeki, naambiwa nichore tu.

Asubuhi moja alikuja mama aliyefunga kitambaa cheusi kichwani. Mwanawe, kinyozi wa Ruiru, alikuwa amegongwa na lori, na mazishi yalikuwa Ijumaa. Alitaka msalaba wa mbao. Alinitajia jina la marehemu, kisha akatoa simu na kunionyesha picha: kijana anamnyoa mteja, na mkononi, kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja, ana tatuu ya gothiki.

"Andika jina yake vile iko hapo," akasema. "Alikuwa anapenda hizo herufi sana. Mimi Bibilia nasoma vizuri, lakini hizo zimenishinda."

Niliikuza picha. Halikuwa jina alilonitajia. Lilikuwa jina la mwanamke.

Nikafikiri ni msichana wake, nikaogopa. Mama anazika mtoto, halafu mimi nimwambie mtoto huyo alibeba jina la mtu asiyemjua? Nilitaka ninyamaze, nichore jina la marehemu, basi. Lakini picha hiyo angewaonyesha watu wote matangani, na mmoja wao angemsomea bila huruma. Heri aambiwe na mimi. Ila kwanza nilitaka kuhakikisha si jina la mtu wa kwao.

"Mathe, wewe unaitwa nani?"

"Yangu ya nini? Watu wananiita tu mama yake."

"Ile ulipewa na wazazi wako."

Akalitaja. Niliweka brashi chini.

Nilimwambia jina lililo mkononi ni lake. Hakuniamini, akanitazama kama mtu anayetaniwa msibani. Basi nikachukua penseli, nikachora herufi hizo moja moja kwenye kipande cha ubao, na chini ya kila moja nikaandika ile ya kawaida. Alizifuata kwa kidole polepole, anaangalia simu, anarudi kwenye ubao, mpaka akalitamka jina lake lote.

"Ngai," akasema, akakaa kwenye benchi yangu yenye rangi mbichi. Sikumzuia.

Aliilaza simu mapajani, akapitisha kidole juu ya ule mkono pichani.

"Kila jioni akikuja kwangu," akasema, "nilikuwa namwambia ashushe mkono ya shati, afunike hiyo uchafu, ndio nimpatie chakula."