Chokaa Kutoka Tanga

Nilipokuwa mtoto, enzi za Mwingereza, niliionea haya nyumba yetu ya Majengo. Ilikuwa ya udongo mwekundu, na majirani wa pande zote mbili walikwisha kupaka zao chokaa. Nilikuwa msichana wa darasa la tatu mwenye maringo yasiyo na sababu, na nyumbani mimi peke yangu nilijua kuandika.

Chokaa ilitoka Tanga kwa garimoshi. Baba Mdogo Hamisi, kitinda mimba wa Bibi, alikuwa mvuvi huko, akaona kuna faida zaidi kuvunja matumbawe ya mwambani na kuyachoma yawe chokaa. Alitutumia gunia la kwanza pamoja na kapu la samaki wakavu, kama alivyozoea kila mwezi. Safari hii kapu lilikuja nusu.

Bibi alilitazama, asiguse kitu.

"Anavunja mwamba ulio hai huyu," alisema. "Mwamba una wenyewe. Ukiwavunjia nyumba, watakufuata mpaka wakupate."

Baba alicheka. Akaniita niandike barua: chokaa imefika, ni safi, leta magunia mawili tumalize kabla ya Idi. Alipotoka, Bibi akaja kuketi nami jamvini.

"Mke mwenzangu, tia na yangu. Mwambie, mama yako anasema usivunje tena. Kama ni mwanangu, atanisikia."

"Haya, Bibi. Nimeshaandika."

Nilikuwa nimeandika: Bibi anakusalimu sana. Nilitaka ukuta mweupe. Sababu ndiyo hiyo, na sina namna ya kuipamba.

Magunia yalikuja, makapu yakakoma. Idi ilitukuta na nyumba inayong'aa, nami nilishinda mlangoni ili wapita njia wanione. Baada ya miezi michache ikaja barua yenye mwandiko wa mtu mwingine, na msomaji nilikuwa mimi. Samaki walikuwa wameuhama mwamba. Baba Mdogo aliwafuata mbali, kwenye maji makuu, na ngalawa ikarudi ufukweni bila yeye.

Bibi hakupiga kelele. Alisema tu, "Nilimwambia. Akanidharau."

Aliishi miaka sita baada ya hapo. Kila alfajiri nilimpelekea maji ya kutawadha, na kila alfajiri ningeweza kusema.

Nilipokuwa mtu mzima nilikwenda Tanga. Maji yalipokupwa, mvuvi mmoja alinionyesha mahali pale: vipande vya kijivu, kama vigae vya chungu, na hapana hata dagaa mmoja. Kama kulikuwa na wenyewe wengine, siwajui. Samaki walikuwa na nyumba yao pale, na nyumba yao tuliipaka ukutani kwetu. Chokaa yenyewe ilibanduka ndani ya masika mawili.

Hayo yote naweza kuyazungumza. Linalonikaba ni kwamba Bibi alizikwa akiamini mwanawe alimdharau. Hamisi hakumdharau. Hakuambiwa.