Sungura wa Mwalimu

Ndugu zangu, leo nimeombwa kumchinja mgeni wangu.

Mwalimu jirani alipokwenda likizo aliniachia sungura wake, mzito kama mtoto anayetambaa. Kwa kuhofia mbwa, nilimlaza chumbani.
Amezoea kujinyoosha kando ya mswala wangu nikiswali.

Leo mwalimu amerejea hapa Nachingwea na wageni.

"Shehe, ahsante kwa kumnenepesha. Nichinjie, sufuria ipo motoni."

Mtaa mzima huniletea wanyama niwachinje, na mkono haujapata kusita.
Leo umesita.

Amana si mali yangu, siwezi kuizuia. Nimemsihi achukue majogoo wangu wawili badala yake.

"Ngoja nimuulize mama watoto," akasema. "Majogoo wako wanajulikana kwa ugumu, Shehe."

Hajarudi. Sungura amelala juu ya mguu wangu.

Niombeeni mama huyo aridhie majogoo.