Susu Alipofungua Boma Zima

Nilipokuwa mtoto, kule kwetu nje kidogo ya Emali, mimba iliyopitisha siku zake haikuwa shida ya nesi peke yake. Ilikuwa kazi ya boma zima, na hasa ya bibi yangu mzaa baba, ambaye sisi Wakamba tunamwita susu. Susu aliamini, na hakuna aliyewahi kumtoa kwenye imani hiyo, kwamba mtoto hawezi kutoka tumboni kama nyumbani kuna kitu kimefungwa. Kamba ya mbuzi, mdomo wa gunia, leso ya kichwani, chochote kile chenye fundo kinamshika mtoto huko ndani aliko. Leo nasimulia nikicheka. Siku ile sikucheka hata kidogo, kwa sababu aliyepitisha siku alikuwa mama yangu.

Mama alinizaa mimi, kisha akakaa miaka mingi bila kupata mwingine. Mimba hiyo ilichungwa kama yai. Basi Ijumaa akarudi kutoka kliniki uso umemshuka. Nesi alikuwa amempima akamwambia mtoto yuko sawa, lakini siku zimepita, na kama uchungu hautakuwa umeanza ifikapo Jumatatu arudi alazwe, awekewe dripu ya kuuanzisha. Kwa sasa atembee. Atembee sana, ale vizuri, asinywe dawa ya mitishamba ya mtu yeyote, na akiona damu au mtoto akiacha kucheza aje mbio. Yote hayo mama aliyasikia, ila kilichobaki kichwani mwake ni dripu tu. Jirani yetu mmoja aliwekewa dripu ikashindikana, akapasuliwa, na tangu hapo mama alikuwa na hakika kwamba dripu na kisu ni ndugu wa tumbo moja.

"Mimi sitaki kupasuliwa," alimwambia baba, kisha akalia. Sikuwa nimewahi kumwona mama akilia. Nilienda kujificha nyuma ya choo nikalia na mimi.

Sasa huko kutembea ndiko hakutaka. Miguu ilikuwa imevimba hata viatu vya baba vilimkataa. Alitandika mkeka kivulini nyuma ya jikoni, akakaa hapo siku yote iliyobaki akisuka kiondo. Mama alikuwa hodari wa viondo. Alisokota mkonge kwenye paja lake huku anaongea na wewe, macho yake yakikutazama, na uzi unatoka sawasawa. Hicho alichokuwa nacho kilikuwa na mistari ya kahawia na zambarau, na kilibaki kumaliziwa mdomo tu. Wanawake wa jirani walipita mmoja mmoja na ushauri wao. Mmoja alimwambia anywe uji wenye pilipili. Mwingine alisema apande kile kilima cha nyuma ya shule, na wa tatu, ambaye nadhani alikuwa anamwonea huruma baba, alisema mama achuchumae apige deki nyumba yote. Mama aliwaitikia wote kwa adabu na akaendelea kusuka.

Susu aliangalia hayo jioni yote, halafu akatoa hukumu yake. Shida iko hapo mapajani, alisema. Kiondo ni mafundo kutoka chini hadi juu. Mtoto atapita wapi na mama yake anashinda akifunga? Hicho kitu kifumuliwe.

Mama hakuinua hata kichwa. "Mama, fungua kila kitu hapa nyumbani ukitaka. Lakini hiki kiache."

Hapo mama alikosea, kwa sababu Susu alichukua ile sehemu ya kwanza kama ruhusa.

Jumamosi tuliamka boma limegeuka. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa imeshushwa, na nguo zetu zimetandazwa juu ya ua wa miiba. Magunia ya ndengu ghalani yalikuwa yameachama. Milango yote ilikuwa wazi, na kuku, ambao kwa kawaida hawakukubaliwa hata kuchungulia, walikuwa wamepanda kwenye makochi wakituangalia kama sisi ndio wageni. Nilikamatwa nikafumuliwa nywele ambazo shangazi alinisuka juzi yake tu. Nililia, lakini Susu hakuwa na wakati wa machozi yangu. Alikuwa anamtafuta baba.

Baba alikuwa shemasi kanisani, mtu wa heshima zake, mwembamba, na suruali zake zote alinunua akitarajia kunenepa. Susu alimwambia afungue mshipi. Baba alijaribu kubisha, akaulizwa mbele yetu sote kama mshipi una maana kuliko mke. Aliufungua. Siku hiyo yote baba yangu alifanya kila kitu kwa mkono mmoja, wa pili umeshika suruali.

Mbuzi ndio waliofunguliwa mwisho. Hata Susu alisita kidogo kwao. Kisha akasema wameshiba, hawaendi mahali.

Tukiwa katika hali hiyo, pasta akaingia na pikapu yake, akiwa na wamama wa kanisa waliokuja kumwombea mama. Susu aliwapokea kwa furaha na akawasimamisha mlangoni. Wamama walifungua leso za kichwa bila maneno mengi, na mmoja wao alionekana kama alishaifanya kazi hiyo kwingine. Ikabaki tai ya pasta.

"Susu," pasta alisema kwa upole, "sisi watu wa Mungu hatuamini mambo ya mafundo."

"Basi ukiifungua haitakuuma," Susu akamjibu.

Pasta alimgeukia baba apate msaada. Baba alikuwa ameshika suruali. Pasta akaifungua tai, na alipoonyeshwa viatu akafungua na kamba za viatu, na maombi yakaanza.

Yalikuwa maombi marefu. Pasta alikuwa bado anashukuru kwa ajili ya mvua tuliposikia Mzee Kioko, jirani yetu wa chini, akipiga kelele. Mbuzi wetu wote walikuwa ndani ya ndengu zake, na ndengu zilikuwa kwenye maua. Mzee Kioko hakuwa mtu wa kuchezewa shamba. Amina ilisemwa njiani.

Tukakimbia. Nasema tukakimbia, lakini ungetuona ungetafuta neno lingine. Baba aliinua mikono yote miwili kumzuia beberu, akasahau, na suruali ikashuka mbele ya ushirika wote wa wamama. Pasta aliacha kiatu kimoja kwenye mtaro, na alipokirudia akapoteza cha pili. Mimi nywele zilinijaa machoni nikamkumbatia Mzee Kioko nikidhani ni mbuzi. Mbuzi wenyewe walifurahi sana. Waliona tumekuja kucheza, wakatelemka kuelekea mto wa mchanga, uliokuwa mkavu.

Mbuzi hao walijua sauti moja tu duniani, ya mama, aliyewalisha na kuwakamua. Mama alikuwa ameona yote akiwa mkekani. Alijiinua polepole, akaweka mkono kiunoni, akashuka shambani miguu mitupu, huku akiwaita kwa ule mlio wake wa ulimi. Baba alimfuata nyuma akimbembeleza arudi akae. Mama hakumsikia. Alipita ndengu, akateremka hadi mchangani, akapanda ng'ambo ya pili, akazunguka kichaka, akarudi, jua likiwa kali juu yake. Alimtukana kila mbuzi kwa jina. Alimtukana baba. Alimgusia na pasta, kwa heshima. Mtu aliyekuwa hawezi kutoka mkekani, sasa anatembea anatoa jasho na sauti yake inasikika hadi barabarani. Nilimpenda sana mama yangu saa hiyo.

Tuliporudi, mbuzi mbele na sisi nyuma, Susu alikuwa amekaa mkekani kivulini. Mapajani mwake palikuwa na rundo la nyuzi za mkonge, za kahawia na zambarau, zimejikunja. Alikuwa amekifumua kiondo hadi kitako.

Mama alisimama. Wamama wa kanisa walisimama. Mimi nilijua leo ni leo. Mama alifungua kinywa amwambie mama mkwe wake neno ambalo hakuna mke wa Ukambani aliyewahi kulisema, lakini neno halikutoka. Alishika ukuta wa jikoni, akainama, na maji yakamwagika miguuni mwake.

"Mnaona?" alisema Susu.

Pasta aliendesha pikapu pekupeku. Baba aliomba mshipi wake akanyimwa, mpaka mtoto atoke, kwa hiyo aliingia hospitalini ameshika suruali, na askari wa langoni akadhani mgonjwa ni yeye. Ndugu yangu alizaliwa kabla ya jua kutua, bila dripu na bila kisu, na kwa sauti kubwa. Siku hizi anaendesha lori barabara ya Mombasa, na sauti hiyo haijapungua.

Halafu wakaanza kugombania sifa. Nesi alisema ni kutembea. Pasta alitoa ushuhuda Jumapili kuhusu nguvu ya maombi, akairuka habari ya tai. Mzee Kioko alidai ni ndengu zake. Mama hakudai chochote, lakini kwa muda mrefu alimwamkia Susu huku anaangalia pembeni. Mimi nilipokwenda shule nikaelewa mambo, nilimuunga mkono nesi. Na bado namuunga.

Lakini kuna mwaka nilirudi likizo, tukawa tunapukuchua mbaazi mimi na Susu, wawili tu, nikamuuliza kwa utani kama kweli aliamini yale mambo ya mafundo. Nilingoja acheke. Hakucheka. Aliniambia kwamba kabla ya baba alikuwa na mimba nyingine, ya kwanza. Wakati huo walikuwa wakiishi kule Tseikuru, wakifuga. Uchungu ulimshika mpaka akasahau kulikuwa na mchana. Watu walikaa nje, wamejipanga kwenye ukuta, wakingoja, na babu yangu akiwa katikati yao.

"Kwani wangefanya nini, Susu?"

"Sijui," alisema. "Lakini hakuna aliyeinuka."

Mtoto yule hakulia. Susu akaendelea kupukuchua, nikapukuchua na mimi.

Mwaka jana ilikuwa zamu yangu. Nilipitisha siku zangu, nikaenda hospitali kwa miguu yangu, nikawekewa dripu, na sikupasuliwa. Namwambia mwanamke yeyote anayeogopa kama mama alivyoogopa, haikuwa vita niliyodhani. Lakini kuna saa uchungu ulipanda nikashindwa hata kuhesabu pumzi, nikageuza kichwa, nikamwona mume wangu ameketi kwenye kiti, mikono katikati ya magoti, anaangalia sakafu. Ni mtu mzuri sana. Alikuwa anaogopa tu.

"Inuka," nilimwambia.

"Nifanye nini?"

"Chochote."

Akainuka. Aliangalia chumba kizima, akaona blanketi yangu miguuni pa kitanda, akaichukua akaikunja. Ikatoka upande. Akaikunjua, akaikunja tena, na ikatoka vibaya kuliko mwanzo. Nilimwangalia akiikunja na kuikunjua, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sikujiona niko peke yangu.