Nililifuta Jina la Fundi Wangu, na Jumamosi Binti Yangu Anakwenda Kwake

Naomba mnifichie jina. Nina miaka sabini na tisa, naishi Kisumu, mke wangu alishatangulia. Nilifundisha fizikia chuo kikuu hadi nilipostaafu. Moyo wangu umechoka, na daktari aliniambia bila kuzungusha maneno kwamba niweke mambo yangu sawa. Ya shamba na wosia nimemaliza. Hili moja nimeliandika kwa siku tatu kwenye simu.

Miaka ya mwisho kazini nilichunguza kasoro za seli za silikoni, vile vipande vyeusi mnavyoviona ndani ya paneli za sola. Paneli za kuchaji taa za wavuvi wa omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, kule Asembo Bay zilikuwa zinadhoofika mapema, na mimi nilikuwa na hakika ni kosa la kiwandani. Maabara nilikuwa na fundi, nitamwita Mama Achieng'. Yeye ndiye aliyetoa kwenye kamera kuukuu ya idara kile kichujio kinachozuia miale isiyoonekana kwa macho, tukaziba madirisha, tukapitisha umeme kwenye paneli gizani. Pichani seli iling'aa. Palipopasuka palibaki peusi. Nyufa zilitokea mbilimbili karibu na ukingo, paneli baada ya paneli. Nilizikodolea macho wiki sita. Yeye alipozitazama vizuri alicheka.

"Daktari, hii si makosa ya kiwanda," alisema. "Hii ni magoti ya wamama."

Alizaliwa Asembo. Alijua kwamba paneli zikilazwa chini ufuoni, akina mama huanika omena juu yake, kwa sababu kioo ni safi, kina joto, na samaki haingii mchanga. Wakienda kugeuza, hupiga magoti ukingoni. Kioo kinavumilia, seli ndani inapasuka. Alipiga magoti mwenyewe juu ya paneli mpya, tukaipiga picha kabla na baada. Ilikuwa kweli tupu.

Niliandika makala. Rasimu ya kwanza ilikuwa na majina mawili, langu na lake, na nilimpa nakala. Alipiga vigelegele hadi wanafunzi wakatoka madarasani. Lakini idarani kwetu fundi hakuwa mwandishi. Fundi alishukuriwa mwishoni. Mkubwa wangu mmoja alinikumbusha kwamba nikitaka uprofesa kabla ya kustaafu, nahitaji makala yenye jina langu peke yangu. Akaniuliza kama nikimweka fundi leo, kesho nitamweka dereva. Tulicheka. Mimi pia nilicheka. Siku hiyo hiyo nililifuta jina lake, nikaandika kwenye shukrani "fundi wetu", basi. Jarida lilikuwa la ng'ambo, hakuwa na njia ya kuliona, nami sikumwambia. Uprofesa niliupata. Makala ile inanukuliwa mpaka leo.

Mama Achieng' alistaafu, akarudi kwa mumewe Ahero. Tangu niugue huja kila baada ya wiki mbili na mchele wa shamba lake, ananipikia uji, ananiombea. Ile rasimu ameiweka kwenye fremu sebuleni. Maji ya mafuriko yalipoingia nyumbani kwake, alibeba vitu viwili kichwani: hati ya shamba na fremu hiyo. Mwezi jana aliniuliza, "Prof, ile makala yetu bado watu wanasoma?"

Nikasema wanasoma.

"Basi jina langu imefika mahali mimi sijafika," akasema, akaendelea kukoroga uji.

Sasa sikieni shida ilipo. Binti yangu kitinda mimba, anayeishi Nairobi, anaandika tasnifu ya udaktari. Anachunguza jinsi watafiti wanavyonukuliana, nani anaitwa mwandishi na nani anaishia kwenye shukrani. Alinihoji nikiwa nimeegemea mito, kinasa sauti kikiwa kifuani pangu. Aliponiuliza huyo "fundi wetu" alifanya nini hasa, nilimjibu kwamba alishika kamera tu. Akajenga sura nzima juu ya jibu hilo, makala yangu ikiwa mfano wa kazi ambapo shukrani zilitosha. Alinisomea, kisha akaniambia, "Baba, angalau wewe hukuwa kama hao wengine."

Wiki iliyopita walikutana kwangu. Binti yangu akagundua kwamba mama wa uji ndiye fundi mwenyewe, akafurahi kama aliyeokota dhahabu. Alipoanza kuuliza maswali nilikohoa kwa makusudi hadi wakaacha. Lakini walipokuwa wanaagana mlangoni nilisikia Mama Achieng' akimwambia, "Kuja tu Jumamosi, nyathina, mtoto wangu. Nitakuonyesha kitu iko kwa ukuta."

Nikimwambia binti yangu, ile sura ya tasnifu yake inaanguka na amebakiza wiki tano kuitetea mbele ya wakubwa wake. Nikimwambia Mama Achieng', nitamnyang'anya kitu alichokiokoa kwenye maji. Nimeandika barua kwa lile jarida kuomba jina lake liongezwe, lakini iko hapa kwenye simu, sijaituma, maana siku itakapojibiwa wote watajua. Na nikinyamaza, wataambiana wenyewe mbele ya ile fremu, mimi nikiwa hapa kitandani nasubiri simu iite.

Leo ni Jumatano. Asubuhi katika sala nilijisikia nikimwomba Mungu anichukue kabla ya Jumamosi. Si kwa sababu ya maumivu. Nilitaka wanizike wakiwa bado wananipenda, kisha wajue nikiwa siwezi tena kuulizwa. Niliona aibu, lakini sikuifuta sala hiyo.

Wengi wenu mna umri wa wajukuu wangu. Leo msiniheshimu, niambieni ukweli. Nimwite nani kwanza, na nianze kwa neno gani? Nishaurini haraka, kabla sala ile haijajibiwa.