Fabien Mwana wa Ndikumana

Shoka lilipopenya mlango mara ya kwanza, Fabien alikuwa ameshauegemea kwa mgongo. "Toka dirishani, we!" alimfokea mdogo wake Libère. "Unangoja nini, posho?" Kifo kiko mlangoni, na bwana huyu bado anatania! Libère akajipenyeza kwenye dirisha la choo, akateremkia bomba la majitaka, ngozi ya viganja ikabaki kwenye kutu. Juu alisikia marungu, kisha mapanga, kisha watu wakicheka. Sauti ya kaka yake hakuisikia tena.

Ilikuwa Mei 2008, mtaa wa Umbilo, Durban, Afrika Kusini, mwezi ule vijana walipopanda ngazi za majengo kusaka wageni. Kaka na mdogo walikuwa wamekimbia vita kwao Burundi. Siku ya pili gazeti la mjini likaandika kuwa mgeni mmoja ameuawa. Mgeni! Mtu aliyenyoa vichwa vya nusu ya Umbilo, huenda na vya waliomuua, leo hana jina? Libère alilichana gazeti lile vipande vipande, akalia kama mtoto. Hasira ile haikumtoka.

Na kazi yake, ona mambo ya dunia, ilikuwa ya magazeti. Si la mjini. Alifanya kazi kwenye kagazeti ka Wayahudi wa Durban, katika chumba cha ghorofani juu ya saluni, Barabara ya Umbilo. Alikunja, akabandika anwani, akapeleka posta, na wazee wa mtaa wa Overport akawapelekea kwa mkono. Mhariri alikuwa Mama Hessie Rabkin, ajuza mwenye umbo dogo na ulimi wa wembe. Baba yake, mpiga chapa aliyeshuka melini kutoka Lithuania, ndiye aliyelianzisha gazeti. Enzi hizo lilitoka kila wiki, na matangazo ya harusi yalikuwa yakigombea nafasi. Kisha watoto wakahamia Johannesburg, Sydney, Tel Aviv, gazeti likawa la mwezi. Ukurasa wa harusi ukakonda, wa wafu ukanenepa.

Huo wa wafu ndio uliomnasa Libère. Kila mwaka, mwezi wa kifo ukifika, jina la marehemu lilichapwa pamoja na la baba yake: fulani mwana wa fulani. Jumamosi, sinagogini, msomaji aliyasoma majina yale kutoka gazetini, na jamaa wa kila marehemu akasimama kumwombea.

Libère akaomba kaka yake aandikwe. "Ukurasa ule ni wa watu wetu," akajibu Mama Hessie. "Pole sana, Libère." Pole! Pole inamsaidia nini maiti?

Mwaka uliofuata, Mei, alitumwa kupeleka kurasa kiwanda cha chapa, zikiwa kwenye flashi. Mama alikuwa ametoka kununua mkate. Libère akaketi kwenye kompyuta, akachomeka katikati ya majina: Fabien mwana wa Ndikumana. Liwalo na liwe.

Jumamosi msomaji, mzee aliyesoma majina yale kwa mazoea tu, akalisoma na hilo. Hakusimama mtu. Mzee mmoja akaona haya, maiti amekosa hata ndugu? Akainuka yeye. Wenzake wakainuka pia, na Fabien wa Bururi kule Burundi, Mkatoliki wa kubatizwa, akaombewa na ukumbi mzima.

Jumatatu Mama Hessie alilibamiza gazeti mezani. "Huyu Fabien ni nani? Simu zimeniua sikio!" Libère akamweleza mlango, dirisha, bomba. Hakuficha kwamba yeye ndiye aliyetoka. Mama akaketi. Baba zake wadogo walipigwa risasi ukingoni mwa shimo huko Lithuania, na hakuna aliyejua hata tarehe. "Ukiuchezea tena ukurasa wangu nitakuzaba kofi," akasema. "Lakini Fabien abaki." Akabaki, kila Mei.

Aprili 2015 mambo yakarudi yale yale. Mchana kweupe, vioo vya maduka vikipasuka, kijana wa Kikongo mwenye duka la simu alikokotwa barabarani akapigwa mawe mpaka akaacha kusogea. Ghislaine, Mkongo mwenzake mwenye saluni ya chini, akapanda ngazi mbio, binti yake mgongoni, damu ikimchuruzika usoni. "Papa Libère, iko watu chini! Iko na mapanga!"

Libère akafunga mlango. Komeo lenyewe lilikuwa bovu siku nyingi. Mama Hessie alikuwa kwenye simu akiwatukana polisi. Nyuma palikuwa na dirisha na ngazi ya chuma ya kushukia uani, lakini ajuza hashuki ngazi kama paka. Ilibidi mtu auzuie mlango.

"Mshike mkono Mama, mtoke," Libère akamwambia Ghislaine.

"Na weye?"

"Mimi dirishani nilishatoka mara moja. Inatosha."

Akauegemea mlango kwa mgongo, visigino akavikaza sakafuni. Shoka likapenya, likamkuta begani. Akanguruma, akawatukana kwa Kirundi matusi ambayo mama yake angemchapa kwayo. Pigo la pili likamwingia mbavuni. Hakuondoka. Alimwona Mama Hessie akivuka dirisha, unyayo mmoja, kisha wa pili, na kichwa cheupe kikizama chini. Mlango ulipoanguka alikuwamo peke yake chumbani, nao wakammalizia yeye hasira yote waliyoibebea wote. Walimkatakata juu ya mafungu ya magazeti aliyokuwa ameyakunja asubuhi ile.

Gazeti la mjini likaandika tena: wageni wawili.

Mama Hessie alitoa toleo moja tu baada ya hapo, la Mei, akalikunja mwenyewe kwa vidole vyake vya baridi yabisi, kisha akalifunga gazeti la baba yake. Jumamosi msomaji akafika kwenye mistari miwili iliyofuatana, maana Mama hakungoja Aprili nyingine: Fabien mwana wa Ndikumana, Libère mwana wa Ndikumana. Wazee wakashika mabenchi wainuke, kama walivyozoea kumwinukia Fabien.

Ghislaine akawatangulia. Alisimama nyuma kabisa, bandeji kichwani, binti yake kiunoni.

"Ni ndugu yangu," akasema. "Wote mbili."